Risiti ya Neno la Shangazi

Shangazi yangu ana bahasha ya kaki ambayo, nyumba ikishika moto, naamini ataiokoa kabla ya kitu kingine chochote. Ndani yake mna hati ya mauziano ya kiwanja, iliyoandikwa kwa mkono mbele ya mjumbe mwaka 1986. Mna risiti za kodi ya jengo, karatasi ya siku alipofungiwa mita ya umeme, cheti cha kifo cha mume wake, na mikataba ya wapangaji waliowahi kupita kwenye vyumba vyake viwili vya mbele. Kila karatasi ina muhuri, saini, au walau dole gumba la mtu. Shangazi aliishia darasa la nne, lakini anajua jambo ambalo mimi na digrii yangu nilichelewa kulijua: mjini, neno lisilo na karatasi ni upepo.

Wiki moja baada ya greda kupita mtaani kwake, alimwaga bahasha yote kwenye mkeka, akazipanga zile karatasi moja moja kama mtu anayepanga karata. Alipomaliza akaniangalia.

"Na ile ya simu, mwanangu. Karatasi yake iko wapi?"

Nimefanya kazi ya uandishi wa habari kwa zaidi ya miaka kumi. Nimeulizwa maswali na mawakili, na wahariri wenye hasira, hata na polisi. Sikumbuki swali lililonikausha koo kama lile.

* * *

Ngoja nianze mwanzo.

Ukikaa Dar es Salaam muda wa kutosha unajifunza kusoma kuta. Kuna matangazo ya waganga, kuna namba za mafundi wa kuzibua vyoo, kuna ile ya "Nyumba hii haiuzwi" inayokwambia kwamba ndugu wa humo ndani hawaelewani. Halafu kuna X nyekundu. X haina maelezo. Haisemi nani ameichora, kwa sababu gani, wala uende kumuuliza nani. Inakuambia tu kwamba mahali fulani, mbele ya ramani ambayo hujawahi kuiona, watu wamekaa wakamaliza mazungumzo kuhusu chumba unacholala.

Wakazi wa bonde la Msimbazi wanaijua vizuri hiyo alama. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya watu 40 jijini, na baadhi ya waathirika wakapelekwa Mabwepande. Miaka minne baadaye, Desemba 2015, nyumba nyingi za bondeni zikabomolewa. Sisemi kwamba kila nyumba yenye X ilionewa. Maji ya Msimbazi hayana mjadala. Aliyewahi kukwama Jangwani siku ya mvua anajua. Ninachosema ni kwamba X ni mazungumzo ya upande mmoja, na mji huu umeyazoea. Mpango mkuu wa Dar es Salaam wa 1949 uliandaliwa na kampuni ya Uingereza. Ule wa 1968 na ule wa 1979 ukaandaliwa na kampuni za Kanada. Mtaa wa shangazi ulikuwa unapangwa na watu waliokuwa ng'ambo ya bahari, na sidhani kama kuna aliyewahi kupiga hodi.

Siku hizi sheria inasema vingine. Tanzania tuna Sheria ya Mipango Miji ya 2007, inayozungumzia ushirikishwaji. Jirani zetu Kenya wameiweka hoja hiyo kwenye Katiba yao ya 2010, kifungu cha 10, ambapo ushiriki wa wananchi umetajwa miongoni mwa tunu za taifa. Tatizo ni namna ya kufanya. Sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 5.38 mkoani Dar es Salaam. Huwezi kuwakalisha wote chini ya mwembe. Kwa hiyo ilipokuja habari kwamba kuna taasisi (sitaitaja) imeleta mfumo wa kukusanya maoni ya wakazi kwa simu kuhusu kupanua barabara na kujenga mfereji kwenye mitaa kadhaa ya Kinondoni, mimi nilikuwa wa kwanza kushangilia. Niliandika makala. Kichwa chake kilikuwa na neno "mapinduzi". Naomba usiitafute.

Mfumo wenyewe ulikuwa mzuri kwa macho. Unafungua ramani ya mtaa kwenye simu, unagusa mahali, unaandika unachotaka kiwepo pale. Nikaenda kwa shangazi na simu yangu na bando langu, kwa sababu yeye ana kitochi, kile cha kukaa na chaji siku nne. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha badala ya kujibu akavaa kandambili akasema, "Njoo."

Alinipeleka nyuma ya msikiti. Kuna njia nyembamba pale, ya kupita mtu mmoja na ndoo yake. "Maji yanapita hapa," akasema. "Tangu hatujajenga. Wakichimba mfereji kule mbele, kwenye barabara, maji yatawacheka. Waulize wazee wote." Akanionyesha alama ya tope kwenye ukuta wa jirani, iliyofika kiunoni. Akaniambia ni ya mvua za mwaka gani, na nani alibebwa mgongoni siku hiyo.

Tukarudi kibarazani. Nikafungua programu. Swali la kwanza lilikuwa: "Je, unaunga mkono uboreshaji wa mtaa wako?" Ndiyo au Hapana. Nikamsomea. Akacheka. "Nani anakataa kuboreshewa?" Nikabonyeza Ndiyo. Kisha kikaja kisanduku cha maoni. Nikaanza kuandika habari ya msikiti, njia nyembamba, alama ya tope. Katikati ya sentensi kisanduku kikajaa, herufi zikagoma kuingia. Nikafupisha: "Mfereji upite nyuma ya msikiti." Nikatuma. Simu ikasema: "Asante kwa maoni yako."

"Wamesemaje?" shangazi akauliza.

"Wamesema asante."

"Haya," akasema, akarudi kwenye mchicha wake.

* * *

Miezi ilipita. Siku moja ukabandikwa muhtasari kwenye ubao wa matangazo wa serikali ya mtaa. Ulisema maoni ya wananchi yamekusanywa kwa njia ya kidijitali na kwamba wakazi walio wengi wameunga mkono mradi. Mfereji ulikuwa palepale ulipokuwa tangu mwanzo, kando ya barabara, mbele ya nyumba ya shangazi. Kibaraza chake na vyumba viwili vya mbele vilikuwa ndani ya mstari. Habari ya nyuma ya msikiti haikuwemo hata kwa kukanushwa.

Nilijaribu kuutafuta ule ujumbe. Ukurasa ulikuwa umefungwa. Sikuwa na namba ya kumbukumbu, kwa sababu haikutolewa. Nikapiga simu, nikahamishwa kutoka mtu mmoja hadi mwingine, na wa mwisho, dada mmoja mwenye sauti ya upole kabisa, akaniambia, "Maoni yote yalizingatiwa."

Hapo ndipo mwandishi ndani yangu alipozinduka, amechelewa. Kiswahili chetu kina ufundi mkubwa wa kumficha mtenda. Maoni yamepokelewa. Maoni yamezingatiwa. Suala linafanyiwa kazi. Changamoto imebainika. Ni sentensi zilizonyooka kisarufi, na ndani yake hakuna mtu hata mmoja. Amepokea nani? Amezingatia nani, siku gani, akaamua nini, kwa sababu ipi? Hata neno lenyewe tunalolipenda, ushirikishwaji, ukilitazama vizuri ni la kutendwa: wewe unashirikishwa, kuna mwingine anayekushirikisha, na yeye hatajwi. Kushiriki ni jambo jingine.

Tangu siku ile nimepata kipimo changu cha mifumo hii, na si kipimo cha kiufundi. Naangalia kama mfumo unamrudisha mtenda kwenye sentensi. Badala ya "maoni yalizingatiwa", uniambie: pendekezo namba fulani, la kupitisha mfereji nyuma ya msikiti, limesomwa na mhandisi wa mradi tarehe fulani, amelikataa kwa sababu njia ni nyembamba kwa mashine, usiporidhika, pingamizi lako peleka ofisi fulani kabla ya siku fulani. Shangazi angeweza kukasirika akisoma hivyo. Lakini angekuwa na kitu cha kuweka kwenye bahasha.

Fidia alilipwa, niseme ukweli. Alilipwa kuta na bati. Kodi ya vyumba viwili iliyokuwa inamlisha kila mwezi haikuwa ukuta wala bati. Greda likapita. Na masika yalipokuja, maji yakapita nyuma ya msikiti.

"Barabara siikatai," aliniambia siku ile ya mkeka. "Ninakataa kusemewa. Ile ndiyo yangu waliipeleka wapi?"

Kilichoniuma zaidi ni kwamba kidole kilichobonyeza kilikuwa changu.

* * *

Nilianza kusoma, kama tunavyofanya watu wa kalamu tukitaka kujitoa lawamani. Nikakuta kwamba swali la shangazi si geni duniani, na kuna mahali limejibiwa, wakati mwingine bila kompyuta kabisa.

Mji wa Porto Alegre, Brazili, ulianza mwaka 1989 kuwaachia wakazi waamue sehemu ya bajeti ya maendeleo katika mikutano ya mitaa. Habari hiyo inasimuliwa sana. Kinachosimuliwa kidogo ni kile kijitabu. Kila mwaka manispaa ilichapisha mpango wa uwekezaji ukionyesha kazi zilizokubaliwa eneo kwa eneo, na wakazi wakakitumia kuifuatilia serikali: hii imefanyika, hii bado, hii imeenda wapi. Yaani walipewa risiti. Sisi tunaambiwa kila siku tukinunua tudai risiti, hata ya soda. Hakuna aliyewahi kutuambia tudai risiti ya maoni.

Barcelona ilipoanzisha jukwaa lake la Decidim mwaka 2016 (neno la Kikatalani, maana yake "tunaamua"), mapendekezo zaidi ya 10,000 yaliwekwa humo kwa ajili ya mpango wa manispaa. Kila pendekezo lina ukurasa wake, linaonekana na wote, na linaonyesha limefikia wapi: limekubaliwa, limekataliwa, na kwa nini. Programu yenyewe iko wazi, mtaalamu yeyote anaweza kufungua na kukagua inavyohesabu. Tena wanaoitumia wamejifunga kwa masharti ya maandishi: pendekezo likishawekwa lisichakachuliwe, na safari yake ionekane mpaka mwisho. Sidhani kama watu wa Barcelona ni waaminifu kuliko watu wa Kinondoni. Tofauti ni kwamba uaminifu wao hauachwi kwenye roho ya afisa, umewekwa kwenye muundo wa chombo.

Na wala si lazima twende Ulaya. Dar es Salaam ina mfano wake. Mwaka 2015 ulianza mradi wa Ramani Huria, ambapo wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa mitaa walizunguka na simu na karatasi wakichora mifereji, vichochoro, visima na nyumba za maeneo yanayofurika. Kabla ya hapo, mwaka 2011, kazi ya namna hiyo ilishafanyika Tandale. Ramani zile ziliwekwa kwenye OpenStreetMap, ambako kila badiliko lina historia: nani amebadilisha, lini, na kabla ya hapo palikuwaje. Ukifuta njia yangu, kufuta kwako nako kunaonekana. Ramani nyingine zilichapishwa kwenye karatasi kubwa zikapelekwa ofisi za kata, zikabandikwa mahali ambapo hata mwenye kitochi anaweza kuweka kidole akasema, "Hapa mmekosea, hapa pana daraja." Tope la ukuta wa jirani wa shangazi lingekuwa na nafasi kwenye ramani ya aina hiyo.

Nairobi nako kuna somo. Agosti 2017 serikali ya kaunti ilitangaza Mukuru, yaani Kwa Njenga, Kwa Reuben na Viwandani, kuwa eneo maalumu la mipango. Ni kaya zipatazo 100,000. Zana za kidijitali za kuhesabu na kuchora ramani zilikuwepo, lakini Muungano wa Wanavijiji na wenzao hawakuanzia hapo. Walianza kwa kuwapanga wakazi katika vikundi vidogo vya kaya kama kumi, vikapanda ngazi kwa ngazi mpaka kwenye meza ya wataalamu. Niliposoma hivyo nilicheka peke yangu. Nyumba kumi! Kitu kilekile ambacho sisi tulikikuta kwa wazazi wetu tukakiona cha kizamani. Kumbe kikundi cha kaya kumi ni teknolojia pia: ni kidogo kiasi kwamba mtu akisema uongo, jirani anajua.

* * *

Sasa usije ukaniona nimekuwa mtu wa kuimba zamani. Mkutano wa mtaa nao una yake. Nimehudhuria mingi. Wanaosema ni walewale watano, wengi wao wanaume wenye nyumba. Mpangaji akinyoosha mkono kuna sauti itatoka nyuma: "Wewe ni wa kupita tu." Kinamama wanakuja wakiwa wameacha sufuria jikoni, wanaondoka kabla ya mengineyo. Na daftari la mahudhurio! Unasaini kwamba umefika, na siku nyingine unaweza kuikuta saini yako imeambatanishwa kwenye karatasi inayosema umekubali. Karatasi nayo ina ulaghai wake.

Mmoja wa wapangaji wa shangazi, binti anayeuza vitafunwa asubuhi, aliniambia kwamba kwenye mkutano asingethubutu kusema neno, lakini kwenye simu aliandika, usiku, akiwa kitandani. Aliandika kwamba wakivunja vyumba vya mbele, mwenye nyumba analipwa fidia na yeye halipwi hata nauli ya kuhamisha godoro. Hilo ni neno zito, na lisingesikika kibarazani mbele ya shangazi, ambaye ni mwema lakini ni mwenye nyumba. Kwa hiyo siwezi kusema simu itupwe. Inawafikia watu ambao ubao na mkutano haviwafikii.

Lakini yule binti aliniuliza swali jingine, na hilo nalo sikuwa na jibu. "Wakijua ni mimi je?" Ana haki ya kuuliza. Tangu 2019 laini zetu zinasajiliwa kwa alama za vidole. Namba ya simu ni sawa na jina lako, na alama uliyoigusa kwenye ramani ni sawa na mlango wako. Ukiunganisha viwili hivyo na sentensi moja ya malalamiko, umemchora mtu. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ni hatua kubwa. Ila sheria inakuja baada ya jeraha. Chombo kizuri kinaanza kwa kutochukua kisichohitajika: kama swali ni mfereji upite wapi, namba yangu ya kitambulisho ya nini?

Waulize Toronto. Oktoba 2017 kampuni ya Sidewalk Labs, ndugu wa Google, ilitangazwa kujenga mtaa wa kisasa kando ya ziwa, wenye vihisio vya kupima karibu kila kitu. Walikuwa na fedha, wataalamu, na mikutano mingi ya kusikiliza wananchi. Mwaka mmoja baadaye Ann Cavoukian, mtaalamu wa faragha waliyemwita awashauri, alijiuzulu. Alitaka taarifa za watu zifutwe utambulisho palepale zinapokusanywa, akaona hakuna wa kumhakikishia kwamba kampuni nyingine zitakazoingia zitalazimika kufanya hivyo. Mei 2020 mradi ukaachwa. Kampuni ilitaja hali ya uchumi wakati wa janga la korona. Labda ni kweli. Lakini imani ya wakazi wengi ilikuwa imeshaondoka zamani, na haikuondoka kwa sababu programu ilikuwa mbaya. Iliondoka kwa sababu swali la "nani atazishika taarifa zangu" lilikuwa linajibiwa kila mara kwa "tutaona".

Kwa hiyo kuna mvutano hapa, na sijui kama kuna programu inayoumaliza. Shangazi anataka jina lake liwepo, ili mtu asije akasema hakusema. Mpangaji wake anataka jina lake lisiwepo, ili mtu asije akajua alisema. Wote wawili wako sahihi. Mfumo wenye adabu ungempa kila mmoja chaguo lake: risiti yenye namba kwa wote, jina kwa anayetaka, na kwa umma yaonekane maneno na eneo, si mlango wa mtu. Si jambo la ajabu. Benki inakupa namba ya muamala bila kumtangazia jirani salio lako. Anayeweza kuilinda shilingi namna hiyo anaweza kulilinda neno.

* * *

Nilimwandikia shangazi karatasi. Najua ni kama kuziba pakacha, lakini nilifanya. Niliandika kwa mkono: tarehe, kwamba siku hiyo alinipeleka nyuma ya msikiti, alichosema, alama ya tope ilifika wapi, na kwamba mimi ndiye niliyebonyeza Ndiyo na nikafupisha maneno yake. Nikasaini. Akaisoma polepole, midomo ikicheza, akauliza kwa nini sijaandika jina la yule aliyebebwa mgongoni. Nikaongeza. Akaitia kwenye bahasha.

Mwezi uliopita akaja kijana mwingine mtaani, na mradi mwingine, na kishikwambi. Kizibao cha kung'aa, tabasamu, kila kitu. Nilikuwepo. Alitaka maoni kuhusu taa za barabarani na eneo la gulio. Shangazi akamkaribisha kiti, akamletea maji, akamwambia kabla hajaanza yeye, kuna mambo matatu anataka kuyajua.

"La kwanza, nikishasema nitabaki na nini mkononi? La pili, atakayesoma ni nani, jina lake? La tatu, akikataa, ataniambia kwa nini?"

Kijana akanitazama kama anayeomba msaada. Nikaangalia pembeni. Akajaribu: "Mama, maoni yote yatazingatiwa..."

"Na nani?"

Akanyamaza. Kisha, na hili ndilo lililonifanya niandike haya yote, akazima kishikwambi, akatoa kalamu mfukoni, akayaandika yale maswali matatu kwenye kiganja chake. Akaaga, akasema atarudi.

Nilidhani tumemmaliza. Baada ya siku tano shangazi akanipigia kwa kitochi chake. Kijana amerudi. Ameleta karatasi yenye namba ambayo kila atakayetoa maoni ataondoka na nakala yake. Ameleta jina na cheo cha anayesoma, na siku anazopatikana ofisini. La tatu, amesema amewauliza wakubwa zake na hawajampa jibu, na hataki kudanganya.

"Sasa ukamwambiaje?" nikauliza.

"Nikamwambia akae. Mtu aliyesema sijui, huyo unaweza kuanza naye." Nikasikia kiti kikivutwa, na sauti ya kijana kwa mbali ikiuliza aanze kuandika wapi. "Hebu subiri kwanza," shangazi akasema, sijui kama ni kwangu au kwake. "Nivae kandambili nikuonyeshe."